Kutunza jakuzi la nyumba ya mapumziko usiyofika mara kwa mara

Jakuzi la nyumbani lina mtu wa kulifunua kila jioni. Akiona maji yamefifia anapima, anaongeza dawa, mambo yanaendelea. Jakuzi la nyumba ya mapumziko halina mtu huyo. Maji yanakaa peke yake wiki tatu, pengine miezi miwili, na dawa uliyoitia siku ya kuondoka huisha mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu joto huimaliza klorini hata kama hakuna aliyetia mguu majini. Baada ya hapo yanabaki maji ya uvuguvugu, gizani, chini ya mfuniko. Vijidudu havihitaji zaidi.

Kwa hiyo kabla hujauliza ununue dawa gani, jiulize ni nani atakayeyaangalia maji kila wiki ukiwa haupo. Kama yupo mtu unayemjua kwa jina na anayekubali kazi hiyo, unaweza kuyaacha maji ndani. Kama hayupo, yamwage. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya jibu la swali hilo.

Nina sababu ya kulishikilia. Bakteria aitwaye Legionella huzaliana vizuri katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 45 za Selsiasi, na jakuzi hukaa katikati ya kiwango hicho. Makazi yake ni ule utando wenye utelezi unaojijenga ndani ya mabomba, ambako jicho halifiki. Jeti, yaani matundu yanayorusha maji na hewa kwa nguvu, zikiwashwa, mapovu hupasuka na kurusha vitone vidogo sana hewani. Mtu akivivuta vinaingia mapafuni na vinaweza kuleta nimonia kali. Wala si lazima aingie majini. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu liliwaambukiza watu waliopita karibu nalo, na watu wapatao 30 walifariki. Bakteria mwingine, Pseudomonas, ana madhara madogo zaidi lakini hupatikana mara nyingi: huleta upele unaowasha, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana.

Hatua ya 1: Chagua njia moja kabla ya kufunga mlango

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuacha maji ndani, jakuzi likiendelea kufanya kazi, huku mtu akipita kila wiki. Inafaa kama wewe mwenyewe hufika kila baada ya wiki mbili tatu. Ya pili ni kumwaga kila unapoondoka na kujaza kila unapofika. Ya tatu ni kulifunga kabisa kwa msimu mzima.

Kwa nyumba ambayo safari zake zimepishana kwa zaidi ya mwezi, mimi nashauri ya pili bila kusita. Watu huiogopa kwa sababu ya maji na muda. Jakuzi la watu wanne hadi sita huchukua kati ya lita 1,000 na 1,500, na kuyapasha moto kunakula umeme, kweli. Lakini weka upande wa pili gharama ya kuyaweka moto miezi miwili bila muogaji, pamoja na dawa, pamoja na ujira wa mtu wa kuyaangalia. Mara nyingi kumwaga ndiko rahisi.

Kuna wanaopendekeza njia ya katikati: acha maji, punguza joto, funga mfuniko, nenda zako. Ni kweli kwamba chini ya nyuzi 20 Legionella huzubaa na haizaliani kwa kasi. Tatizo ni kwamba jakuzi limetengenezwa lishike joto, na pampu yenyewe inapozunguka huongeza joto. Kwenye hali ya hewa ya joto maji yanaweza kubaki juu ya nyuzi 25 hata ukiwa umezima hita. Punguza joto ili kuokoa umeme, sawa, ila usilihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 2: Kama unayaacha maji ndani

Anza siku moja kabla ya safari ili upate nafasi ya kupima mara mbili. Toa vichujio, vioshe kwa mpira wa maji ukipitisha maji kati ya mikunjo yake, na kama vina mafuta viloweke usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia vichujio. Afadhali uwe na seti mbili: moja ikifanya kazi, nyingine imekauka kabatini.

Kisha pima. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ualkali wa jumla uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita (vipimo vingi huandika ppm, ni kipimo kilekile). Ualkali ukiwa chini, pH huyumba mara tu unapoipa kisogo, hivyo urekebishe kwanza: gramu 17 hivi za sodiamu baikaboneti kwa kila lita 1,000 huupandisha kwa miligramu 10.

Sasa dawa ya kuua vijidudu. Kwa klorini ya chembechembe inayouzwa kwa ajili ya majakuzi, ile inayoitwa dikloro, gramu 1.8 hivi kwa kila lita 1,000 hupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita. Jakuzi la lita 1,500 unalotaka kulipandisha kwa miligramu 10 litahitaji gramu 27 hivi, basi. Tumia mizani ndogo, usikadirie kwa kiganja. Iyeyushe, washa jeti dakika 20 hadi 30 mfuniko ukiwa wazi ili gesi itoke, la sivyo itaula mfuniko kwa chini, halafu funga.

Dozi hiyo ni ya siku chache tu. Kwa jakuzi linaloachwa, bromini ina faida: vidonge vyake huyeyuka polepole ndani ya kielea, kikopo chenye matundu kinachoelea juu ya maji, na kuendelea kutoa dawa hata wiki nzima, na bromini huvumilia joto vizuri kuliko klorini. Ukitaka kuhama kutoka klorini kwenda bromini, hamia siku ya kujaza maji mapya. Usiweke ndani ya kielea vidonge vya trikloro vya mabwawa ya kuogelea. Vina asidi kali, hushusha pH, na kielea kikikwama sehemu moja huchubua ganda la jakuzi.

Mizunguko ya kuchuja usiizime. Kama jakuzi lina kifaa cha ozoni au taa ya UV, vizuri, lakini kifaa hicho husafisha maji yanayokipitia tu, na pampu ikisimama nacho kimesimama.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Kila kijiko cha dikloro huacha nyuma asidi ya sayanuriki, ambayo haiondoki kwa kuchuja wala kwa joto. Ikirundikana, klorini inaonekana kwenye kipimo lakini inaua vijidudu polepole mno. Ndiyo maana hata maji ambayo hayajaogwa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne hivi.

Hatua ya 3: Kama unamwaga

Hapa usikimbie, kwa sababu kumwaga vibaya huacha uchafu mahali pabaya zaidi.

Maji yakiwa bado ndani na bado yana moto, toa vichujio na utie dawa ya kusafisha mabomba, ile inayobandua utando. Endesha jeti kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Povu la kijivu au la kahawia likipanda juu, ndio huo utando. Ufute kwa kitambaa. Mara ya kwanza unaweza kushtuka. Ukimwaga bila hatua hii, utando unabaki mabombani ukisubiri maji mapya.

Fikiria maji yatakwenda wapi. Maji yenye klorini yanaua samaki, kwa hiyo yasielekezwe mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Acha klorini ishuke hadi karibu sifuri kwanza, kwa kuacha mfuniko wazi siku moja au mbili au kwa kutia sodiamu thiosulfeti. Na kama nyumba inatumia tangi la maji taka la chini ya ardhi, usilimiminie lita 1,500 kwa mkupuo, utavuruga tangi lenyewe na ardhi inayopokea maji yake. Maji yaliyoisha klorini, yasiyo na dawa ya mabomba, unaweza kuyaachia polepole kwenye nyasi mbali na kisima. Yenye dawa ya mabomba fuata maelekezo ya chupa.

Kabla ya kufungua bomba la kutolea maji, zima umeme kwenye breka. Kuzima kwa kitufe cha jakuzi hakutoshi, kwani jakuzi linaweza kujiwasha lenyewe kwa mzunguko wa kuchuja, na hita ikiwaka bila maji inaungua. Halafu fungua. Bomba la chini linaweza kuchukua saa kadhaa. Pampu ndogo ya kuzamisha hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi.

Yatabaki maji kwenye viti, kwenye matundu ya jeti na kwenye kisanduku cha vichujio. Yanyonye kwa mashine ya kunyonya maji, tundu moja baada ya jingine. Pangusa ganda lote kwa kitambaa laini na siki iliyochanganywa na maji, au kwa dawa ya ganda la jakuzi. Usitumie sabuni ya vyombo, utapambana na povu ukijaza tena. Vichujio vikaushe kabisa na uviweke ndani ya nyumba.

Acha jakuzi likauke wazi kwa saa kadhaa kivulini, kisha funga mfuniko na kufuli zake. Nasema kivulini kwa sababu ganda la akriliki lisilo na maji, likipigwa na jua kali, linaweza kuvimba malengelenge. Hata ukifanya yote haya, mabomba hayatakauka kabisa. Hilo tutalishughulikia siku ya kurudi.

Hatua ya 4: Mahali ambapo maji huganda

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba la plastiki halina pa kuyapeleka. Jakuzi lililoachwa na maji hujilinda kwa kuwasha pampu baridi ikizidi, lakini kinga hiyo ni ya umeme. Umeme ukikatika kwenye baridi kali, siku chache zinatosha kupasua pampu. Ukijua umeme wa eneo hilo haukawii kukatika, na hakuna mtu wa kupita, funga jakuzi kwa msimu wote.

Kufunga kwa msimu ni hatua ya 3 pamoja na nyongeza. Legeza viungio vya pampu na ufungue vizibo vyake vya chini. Geuza mashine ya kunyonya ili ipulize, na pulizia kila jeti mpaka pasitoke tone. Maji yaliyojificha kwenye mikunjo ya bomba ndiyo yanayopasua, kwa hiyo wanaoishi kwenye baridi kali humalizia kwa kumimina dawa ya kuzuia kuganda ya propilini glaikoli. Ile ya magari yenye ethilini glaikoli ni sumu, isiingie kabisa. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mlipe fundi kwa mara ya kwanza na usimame naye ukiangalia.

Hatua ya 5: Mfuniko, umeme na panya

Mfuniko ufungwe kwa kufuli, hata jakuzi likiwa tupu. Watoto wa jirani na wanyama hawajui kwamba haupo. Mfuniko uliokuwa mwepesi ukawa mzito ghafla umenyonya maji ndani ya sponji yake. Hauzuii joto tena, na ubadilishwe.

Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye breka ya kinga ya mshtuko wa umeme kila unapofika. Isiporuka, usiingie majini hadi fundi wa umeme aibadilishe.

Panya hupenda kabati la jakuzi kwa joto lake, na hula nyaya. Ziba matundu makubwa kwa wavu wa chuma, ila njia za hewa ya pampu ziache wazi.

Hatua ya 6: Mwandikie anayeangalia

Usimwachie maneno ya mdomo. Mwandikie karatasi moja, uibandike ndani ya mlango wa chumba cha vifaa: siku gani apite, apime nini, na kipimo kikisoma nini afanye nini. Klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, bromini isishuke chini ya 4. Ikikaribia hapo, aongeze kiasi fulani ulichokiandika kwa gramu au kwa kijiko maalumu ulichomwachia. Maji yakiwa na ukungu, harufu mbaya au povu lisiloisha, asiongeze chochote, akupigie simu.

Mwombe akutumie picha mbili kila wiki: ya karatasi ya kupimia ikiwa kando ya rangi za kopo lake, na ya kioo kinachoonyesha joto. Programu ya simu iliyounganishwa na jakuzi ni msaada mzuri kwa joto na kukatika kwa umeme, lakini nyingi hazipimi klorini, na intaneti ya nyumba ikikatika hujui lolote. Na umlipe mtu huyo ipasavyo. Dakika 20 zake za kila wiki ndizo zinazokuwezesha kuoga bila wasiwasi.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi

Usiwashe jeti kwanza. Nalisisitiza kwa sababu ndiyo hamu ya kila mtu anayefika: kufunua, kubonyeza, kuona mapovu. Mapovu hayo ya kwanza ndiyo ya hatari.

Kama uliacha maji, funua, simama upande unakotoka upepo, tazama na upime. Kipimo kikiwa ndani ya viwango na maji ni angavu hadi chini, ongeza dozi ya kushtua (dozi kubwa ya mara moja) ya klorini au dawa ya kushtua isiyo na klorini, washa jeti dakika 30 huku watu wote wakiwa mbali, kisha subiri dawa irudi kwenye kiwango cha kuogea kilichoandikwa kwenye kopo.

Kipimo kikisoma sifuri, usijaribu kuyaokoa maji hayo. Najua inauma, hasa yakiwa yanaonekana safi, lakini uangavu hauonyeshi kilichomo mabombani. Funga vidhibiti vya hewa ili mapovu yasirushwe, tia klorini, zungusha kwa mwendo mdogo, kisha fuata hatua ya 3 tangu mwanzo.

Kama jakuzi lilikuwa tupu, lipanguse kwanza. Fungua mpira wa maji na umwage pembeni hadi maji yaliyolala ndani yake yaishe. Jaza kupitia kisanduku cha vichujio, maana kujaza kutokea juu hufungia hewa kwenye pampu. Washa umeme baada tu ya maji kufika kwenye alama. Pampu ikinguruma bila kusukuma, zima, legeza kidogo kiungio chake hadi hewa itoke na maji yaanze kuchuruzika, kaza, washa tena.

Rekebisha pH, kisha tia klorini hadi miligramu 10 kwa lita, zungusha saa moja mfuniko ukiwa umefungwa nusu, na uache usiku kucha. Asubuhi pima. Ikiwa bado kuna klorini ya kutosha, ni dalili nzuri kwamba mabomba ni safi. Ikiwa imeisha yote bila mtu kuoga, kuna utando unaoila, rudia dawa ya mabomba na ubadilishe maji. Kipimo hiki cha asubuhi hakigharimu kitu, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Panga safari yako kwa hesabu ya joto. Lita 1,500 kutoka nyuzi 15 hadi 38, kwa hita ya kilowati 3, ni karibu saa 14. Kwa hita ya kilowati 2 ni zaidi ya saa 20. Ukifika Ijumaa mchana, utaoga Jumamosi. Joto lisipite nyuzi 40.

Kuhusu kemikali zenyewe

Zikae pakavu, penye hewa, mbali na watoto, kila moja kwenye kopo lake. Klorini na bromini kavu zisikutane hata kwa kutumia kijiko kimoja, zinaweza kuwaka. Klorini na asidi hutoa gesi ya sumu. Siku zote tia dawa kwenye maji, usimimine maji juu ya dawa. Chumba kilichofungwa miezi mingi kwenye joto hudhoofisha klorini, hivyo nunua makopo madogo, na yaliyovimba au kushika unyevu usiyafungue ndani ya nyumba.

Na kama unaikodisha nyumba kwa wageni, kumbuka hao hawataanza kwa kupima. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2017 kuhusu majakuzi ya biashara unataka jakuzi la aina ya nyumbani linalokodishwa limwagwe, lisafishwe na kujazwa upya kati ya kundi moja na jingine. Hata kama uko nchi nyingine, huo ni utaratibu wa kufuata.

Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie. Mjamzito amuulize daktari kwanza. Wenye umri wa zaidi ya miaka 50, wavutaji wa sigara na wenye maradhi ya mapafu au kinga dhaifu ndio wanaoumizwa zaidi na Legionella, kwa hiyo wakiwepo safarini, usipunguze hatua hata moja. Mtu yeyote akipata homa, kikohozi na kukosa pumzi ndani ya wiki mbili baada ya kuoga, aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa kwenye jakuzi. Daktari asipoambiwa huenda asikipime kijidudu hicho, ilhali kipimo cha mkojo kipo na dawa zake zinajulikana.